Sehemu ya Gitaa Isiyosikika Redioni

Nilishuka Morogoro asubuhi ya Alhamisi moja ya Oktoba 2024, kwa treni ya mwendokasi ambayo ilikuwa imeanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwezi Juni wa mwaka huo. Safari ambayo kwa basi ilikuwa ikinimalizia nusu siku, hasa foleni ya Kimara inaposhikamana na ya Kibaha, iliisha chini ya saa mbili, nami nikaingia nyumbani Mji Mpya wakati mama bado anachuja chai. Milima ya Uluguru ilikuwa imevaa wingu kichwani kama kawaida yake ya asubuhi, na uani mikeka ilikuwa imekwisha kutandikwa kusubiri wageni ambao, kwa kweli, hawakuwa wageni.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anamaliza kidato cha nne, mahafali yalipangwa Jumamosi, na mama alitupigia simu mmoja mmoja tangu Agosti kututahadharisha kwamba safari hii hataki kusikia udhuru. Mara ya mwisho sisi sote kulala katika nyumba ile ilikuwa mwaka 2016, tulipomzika mama mkubwa. Mama alisema kwamba ndugu wasiokutana ila msibani mwishowe huanza kuogopana, kwa sababu kila mmoja akiona namba ya mwenzake kwenye simu hushtuka kabla hajapokea. Maneno hayo yalinikaa. Nadhani yaliwakaa na wengine, maana hadi Ijumaa jioni mdogo wangu alikuwa amefika kutoka Mwanza na watoto watatu waliochoka kwa basi, binamu zetu wa Mbeya walikuwa wamewasili na gunia la mchele wa Kyela, na mama mdogo alikuwa ameshuka kutoka Matombo na magimbi na ndizi za kutosha kulisha mtaa.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwepo kabla yetu wote. Alikuwa na miaka 76, na alitembea kwa mkongojo, lakini aliketi wima chini ya mwembe kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Wenzako wako wapi?"

Kwa wasiotufahamu, inafaa nieleze kwamba sisi ni Waluguru, na kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Shamba la milimani, jina la ukoo na mambo ya tambiko havitoki kwa baba kwenda kwa mtoto wake wa kumzaa, bali hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mambo mengi yamebadilika mjini, na sheria za nchi zina utaratibu wake, lakini hadi leo neno la mjomba nyumbani kwetu ndilo hufunga kikao. Nalitaja hili kwa sababu ninachotaka kusimulia ni habari ya urithi, ingawa hakuna shamba wala nyumba iliyogawanywa siku zile nne.

Shule aliyosoma mpwa wangu ilikuwa na bendi ya wanafunzi, na wao wenyewe waliiita jazz. Kijana wa leo akisikia neno hilo huenda akafikiria muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, na hakosei, lakini kwa mtu wa Morogoro neno lina historia yake. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na tangu enzi hizo neno jazz katika Tanganyika lilikuwa na maana ya bendi ya dansi: magitaa, ngoma, na vyombo vya kupuliza pale vilipopatikana. Kilichopigwa hasa ni rumba, na damu ya rumba hiyo ilitoka Cuba, ikisafiri katika santuri za lebo ya GV zilizouzwa katika miji yetu na kuchezwa katika gramafoni hadi zikakwaruzika. Morogoro Jazz ilizaliwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye Salum Abdallah alianzisha kundi lililoitwa La Paloma, ambalo ndilo lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba, na tangu hapo mji huu mdogo chini ya mlima ulikuwa na bendi mbili kubwa na mashabiki wa pande mbili ambao, kwa masimulizi ya mama, waliweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya wimbo mmoja.

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Katikati ya miaka ya 1960 kijana aitwaye Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz, na gitaa lake la solo, yaani lile linaloongoza, likaja kumpa jina la "Soloist National". Alikwenda na bendi hiyo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, akaiacha mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa tarehe 12 Januari 1979 akiwa na miaka 34. Haya yote yanafahamika. Kila mtu wa Morogoro ana ndugu, jirani au baba wa rafiki yake anayedai kuwa alimwona Mbaraka kwa macho, na wengi wao wanasema kweli.

Mjomba wangu hakupiga katika bendi yoyote kati ya hizo. Alipiga gitaa la rithimu, lile linaloshika mwendo wa wimbo nyuma ya solo, katika bendi ya vijana wa mtaani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakipiga harusini na katika kumbi ndogo usiku ambao bendi kubwa zilikuwa safarini. Bendi yake haikurekodi hata wimbo mmoja. Vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa vya mtu aliyewakodishia, kama ambavyo katika bendi kubwa vyombo vilikuwa mali ya klabu, au mali ya taasisi, mfano wa NUTA Jazz ambayo tangu mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akiondoka, aliondoka mikono mitupu. Kilichobaki kwa mjomba ni gitaa kavu moja, yaani lisilotumia umeme, lenye ufa usoni ulioungwa kwa gundi ya seremala, na alama ya mkwaruzo chini ya tundu, pale ambapo kidole chake cha shahada kilipita maelfu ya mara. Zamani nyuzi zilipoadimika alifunga waya wa breki ya baiskeli, na kigingi kimoja hadi leo kimepinda kwa sababu ya mvutano wa waya ule.

Nilikuwa na miaka 13 aliponiita anifundishe. Ilikuwa likizo ya Desemba 1993. Nilikaa naye siku tano au sita, vidole vikaniuma, na kutoka uani nilisikia wenzangu wakicheza mpira, basi siku ya saba sikwenda. Mjomba hakuniita tena, wala hakunisema. Kwa desturi yetu gitaa lile lilitakiwa lipitie kwangu ndipo limfikie mtoto wa dada yangu, na hilo ndilo jambo lililokuwa moyoni mwangu Alhamisi jioni, kijana alipotoka shule na shati lake jeupe lenye vumbi, akatusalimia wote kwa zamu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi bendi yao itapiga wimbo wa Morogoro Jazz na yeye ndiye mpigaji wa rithimu.

Bendi hiyo ilikuwa na wanafunzi tisa. Magitaa yalikuwa matatu, yaani solo, rithimu na besi. Kulikuwa na drams, saksafoni moja, ambayo wazee bado wanaiita mdomo wa bata, matarumbeta mawili ya kuazima kutoka bendi ya kanisa, na wasichana wawili walioimba. Muziki ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani, lakini shule zinazolifundisha ni chache, na hii ya kwao haikuwa mojawapo. Bendi ilikuwepo kwa sababu mwalimu wa fizikia alipuliza tarumbeta kanisani siku za Jumapili na aliamua kutoa jioni zake mbili za kila wiki bila malipo. Namheshimu mtu huyo kuliko ninavyoweza kuandika.

Baada ya chakula kijana alitoa simu, akaweka wimbo, akashika gitaa la kuazima na kupiga juu yake. Sisi wengine tuliona anapiga vizuri. Mjomba alimwambia arudie. Akarudia. Mjomba akaomba simu, akaiweka karibu kabisa na sikio, akasikiliza wimbo mzima huku amefumba macho, kisha akaurudisha mwanzo na kuusikiliza tena.

"Mjukuu wangu, hiki unachopiga ni kivuli cha solo," alisema hatimaye. "Umemfuata solo kwa nyuma. Rithimu humu imo, lakini imefunikwa."

Alitueleza sababu, na sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Nyimbo nyingi za wakati ule zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja chumbani mbele ya maikrofoni chache. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo zile zilizofika dukani zilichapwa Nairobi. Kilichosikika vizuri ni sauti za waimbaji, solo na vyombo vya kupuliza. Gitaa la rithimu lilikuwa mle ndani likifanya kazi yake, lakini msikilizaji wa redio hakulisikia kama gitaa, alilisikia kama hamu ya kusimama na kucheza. Mtu aliyekuwa ukumbini ndiye aliyeliona mkononi mwa mpigaji. Vijana wa leo wanajifunza kwa simu, na simu inawapa kile tu kilichoingia kwenye maikrofoni.

Dada aliingia ndani akaliteremsha gitaa kavu kutoka juu ya kabati, limefungwa katika kitenge. Mjomba alichukua muda mrefu kulifunga nyuzi sawasawa. Kisha akapiga, na hapo nilisogeza kiti changu karibu sana hata magoti yetu yakakaribia kugusana. Mkono wa kushoto ulitulia. Vidole vitatu vilikaa mahali pamoja, vikahama, vikakaa tena. Kazi yote ilikuwa mkono wa kulia. Kidole gumba kilianguka kwenye uzi mnene na papo hapo kiganja kikaunyamazisha, ndipo kidole cha shahada kikagusa nyuzi mbili nyembamba, moja baada ya nyingine, si juu ya pigo la ngoma bali kidogo kabla yake. Halafu pakawa na pengo. Halafu kidole gumba tena. Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, lakini mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka minne, aliyekuwa amelala mkekani kifudifudi, alianza kutikisa mguu.

"Sikiliza nafasi," mjomba alimwambia mjukuu wake. "Solo anataka mlango. Ukijaza kila mahali, atapita wapi?"

Walikaa hivyo hadi saa tatu usiku, ambao ndio mpaka uliowekwa na dada, kwa kuwa mtihani wa taifa wa kidato cha nne huanza Novemba na hakutaka mtu amwambie habari za muziki baada ya saa hiyo. Ijumaa walirudia. Katikati ya kelele za ndugu kuwasili, masufuria na watoto, wale wawili walikuwa chini ya mwembe na gitaa mojamoja, babu akipiga, mjukuu akijibu, na kila kijana alipoharakisha, mjomba aligonga ubavu wa gitaa lake mara moja tu bila kusema neno. Mama alipita na sinia la ndizi, akasimama kitambo, akaniambia kwamba mlio ule hajausikia tangu hajaolewa.

Jumamosi mahafali yalikuwa chini ya maturubai. Wazazi walikuja na mashada ya maua ya karatasi na keki zilizofunikwa kwa nailoni, risala ilisomwa, vyeti vilitolewa, na bendi iliitwa saa tisa alasiri, jua likiwa limeanza kuingia turubai kwa ubavu. Mjomba tulimketisha safu ya pili, pembeni, aweze kuona mikono.

Walianza polepole, kama nyimbo za namna hiyo zinavyoanza, sehemu ya kuimba kwanza, wasichana wawili wakipokezana na saksafoni ikijaza mwisho wa kila mstari. Nilijilazimisha nisimsikilize mtu mwingine ila mpwa wangu. Si rahisi; sikio linakimbilia solo lenyewe. Lakini ukilishika mara moja gitaa la rithimu huliachii tena, na nilianza kusikia jinsi mpigaji wa solo, kijana mrefu ambaye katika mazoezi, kwa maelezo ya mpwa wangu, alikuwa na tabia ya kukimbia, sasa alikuwa anangoja. Alipewa mlango akautumia. Angepiga sauti nne, angeacha, angesikiliza, angepiga tatu.

Chemko lilipoingia, ile sehemu ya pili ambapo maneno yanakwisha na magitaa yanashika kasi, matarumbeta mawili yaliingia mzunguko mmoja kabla ya wakati. Niliuona uso wa mwalimu ukibadilika. Drams zilisita kidogo, waimbaji wakatazamana. Mpwa wangu aliinua kichwa, akatazama upande wa matarumbeta, na mkono wake wa kulia haukubadilika hata chembe: gumba, kiganja, shahada, nafasi. Besi ikamfuata yeye, drams zikafuata besi, na wapuliza matarumbeta wakashusha vyombo, wakahesabu kwa midomo, wakaingia upya mahali pake. Nadhani wengi pale hawakujua kwamba kuna kitu kilikuwa karibu kuvunjika. Nilimtazama mjomba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mkongojo sehemu ya juu, na wa kulia, katikati ya fimbo, ulikuwa unapiga.

Watu walikuwa wamekwisha kusimama. Mzee mmoja wa kanzu nisiyemfahamu alitoka kwenye kiti chake na kucheza peke yake, mkono mmoja kifuani na mwingine hewani kama aliyemshika mwenzake, hatua mbili mbele, moja nyuma, bila kuinua vumbi. Wazazi walianza kwenda mbele kutunza, na kama ilivyo desturi noti nyingi ziliishia kwa waimbaji na kwa solo. Mama alifungua pindo la khanga, akatoa noti ya elfu tano, akawapita waimbaji, akampita kijana mrefu wa solo, akaenda hadi nyuma, karibu na drams, akambandika mjukuu wake kwenye paji la uso. Kijana hakuweza kuitoa kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini, kwa hiyo noti ilikaa pale, imeshikwa na jasho, hadi wimbo ukaisha.

Alikuja kwetu baadaye, bado na joho la mahafali na mashada shingoni.

"Babu, umeonaje?"

"Kidole gumba bado kizito," alisema mjomba. "Kesho njoo na mwenzako wa solo."

Nimesikia mara nyingi watu wakizungumzia kuhifadhi muziki wa dansi, na karibu kila mara mazungumzo yanahusu mikanda ya Radio Tanzania, ambayo sasa iko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Ni hazina kubwa na inastahili kila juhudi ya kuiokoa. Lakini mkanda unahifadhi kilichofika kwenye maikrofoni. Kile ambacho mjomba alikuwa nacho mkononi hakimo katika mkanda wowote, na waliokuwa wakikijua Morogoro, Tabora na Tanga wana umri kama wake au wamekwisha kuzikwa. Wengi wao hawakuwa na majina, kwa sababu gazeti halikumwandika mpiga rithimu. Ningependa kila shule yenye gitaa hata moja itafute mzee wa mtaa wake kabla ya kutafuta wimbo kwenye simu, na ningependa lifanyike mwaka huu.

Jumapili hakuja mwenzake wa solo peke yake. Walikuja wanne, na mwalimu wao alikuja nyuma yao kwa baiskeli baada ya ibada. Nilikuwa na tiketi ya treni ya asubuhi; nilipiga simu kazini, nikakata nyingine ya jioni. Niliweka simu yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaielekeza kwenye mkono wa kulia wa mjomba tu, bila uso, nikarekodi dakika arobaini. Katika sehemu moja aliwaonyesha solo la pili linavyojibizana na rithimu, akafika katikati akasahau. Alinyamaza. Hakuna aliyesema kitu. Akaanza kuimba taratibu kwa mdomo sehemu ya tarumbeta, na alipofika mahali fulani katika mlio ule mkono wenyewe ukakumbuka ukaendelea, naye akautazama kama anayemtazama mtu mwingine akipiga.

Mchana ndugu walianza kuondoka. Mama mdogo alipakia vikapu vyake vitupu, wa Mbeya waliwahi basi lao Msamvu, mdogo wangu alikuwa akitafuta kiatu kimoja cha mtoto. Dada alifagia uani, akaliokota gitaa kavu lililoegemezwa kwenye shina la mwembe, akauliza kama alirudishe juu ya kabati.

"Lisirudi kabatini," mjomba alisema.

Mpwa wangu alilipokea kwa mikono miwili, akalifunga katika kitenge kilekile, akaenda nalo chumbani kwake. Mjomba akaomba maji ya kunywa.